Ndege za Vita na Mtu Aliyeniibia Mama

Jumatatu, 11 Agosti

Pasipoti saizi tangu asubuhi. Madereva wa malori, macho mekundu, wote wana haraka ya kuvuka. Mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwenye mulishani nyingi, salamu za kwao, amekataa picha yake mara mbili. Anasema nimemzeesha. Nikampiga ya tatu. Sura ile ile. Akaipenda.

Mchana nimekwenda Mlowo kuchukua karatasi za picha. Bango la lile shamba kubwa la kahawa bado lipo. Kila nikipita najiambia sitatazama. Natazama. Mama ameinama juu ya meza ya kuanikia kahawa, kiganja kimejaa punje, jua linapenya katikati ya vidole. Chini yake, kwa herufi nyeupe, jina la Gasto.

Picha ile nimeipiga mimi. Ihanda, nyumbani, msimu wake wa mwisho. Mimi na Gasto tulikuwa na studio moja hapa Tunduma, kompyuta moja. Alipohamia Mlowo aliondoka na diski yenye kazi zangu zote. Baadaye nikasikia ameshinda shindano la picha. Hilo labda ningelimeza. Lakini alipopokea zawadi alisema yule ni mama yake mzazi. Alilia jukwaani. Watu wakalia naye. Mama yangu hata arobaini ilikuwa haijafika.

Nilikwenda kwa waandaaji. Wakaniuliza ushahidi uko wapi. Sikuwa nao.

Namchukia. Kanisani siwezi kulisema, nalisema hapa.

Dukani Mlowo kuna tangazo. Jumamosi ndege za zamani za kivita zitaruka kwenye kiwanja cha lile shamba kubwa la kahawa. Tatu. Wazee wa Kizungu wanazirusha kutoka kusini kwenda kaskazini, watapumzika hapa siku chache. Watu wote wanakaribishwa. Mpiga picha rasmi: Gasto.

Nitakwenda. Nataka nipige picha ambazo zikiwekwa karibu na zake, aone aibu mpaka mifupani.


Jumanne, 12 Agosti

Nimefunga studio, nimekwenda shambani kuomba kibali cha kuingia upande wa wapiga picha. Meneja hakuwepo. Karani akanielekeza kwa anayehusika na picha. Anayehusika na picha ni Gasto.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtu, miguu juu ya meza. Kanenepa. Ana kizibao cha rangi ya machungwa kimeandikwa MPIGA PICHA mgongoni. Wala hakushtuka kuniona.

"Tabita, dada yangu. Huku si mambo ya pasipoti saizi. Ndege haikai kwenye stuli ukaiambia inua kidevu."

Karani akacheka. Kijana wa watu, hakuwa na ubaya. Lakini alicheka.

Nilisema asante. Nilisema ASANTE. Ndicho kinachoniuma hadi sasa.

Getini nimemkuta baba Halinga, jirani yetu wa Ihanda, ndiye mlinzi siku hizi. Nilimwamkia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Yeye na wanawe ndio waliochimba kaburi la mama. Nilimweleza nilichonyimwa. Alifikiri kidogo, akasema Jumamosi niende mwisho kabisa wa kiwanja, upande wa mikaratusi, yeye atakuwa analinda kamba huko. Watu hawapendi kwenda kule, kuna vumbi.

Vumbi nitalila.


Alhamisi, 14 Agosti

Jana na leo nimefanya mazoezi barabarani. Nimesoma kwamba ndege yenye panga la kuzunguka puani ukiipiga kwa kasi kubwa ya shata, kile kidirisha cha kamera kinachofunguka na kufunga, panga linaganda, ndege inaonekana kama imening'inizwa kwa uzi. Lazima upunguze kasi, halafu uifuate ndege kwa kiwiliwili chote, bila kutikisika, ubonyeze huku bado unazunguka. Panga liwe duara la moshi, rubani aonekane hadi mikunjo ya uso.

Nimeanza na malori. Yako mengi, lakini mwendo wake ni wa foleni. Nikahamia kwa bodaboda. Vijana wa kijiwe cha mpakani wamegundua, sasa wanapita mbele yangu makusudi, wengine wamesimama juu ya tanki. Picha mia, nzuri mbili.

Leo nzuri kumi na kitu. Kiuno kinauma.

Kila nikibonyeza namwona Gasto na ile miguu juu ya meza. Inasaidia. Mkono unatulia.


Ijumaa, 15 Agosti

Zimepita!

Nilikuwa namkatia mteja picha zake. Mlio ukaja kutoka upande wa Zambia, si kama wa ndege za abiria. Mzito, wa kukoroma, unaingia kifuani. Nikatoka na mkasi mkononi. Mtaa mzima umetoka. Foleni yote ya malori, madereva wamening'inia milangoni, shingo juu. Wabadilisha fedha wamesahau hela zao. Ndege tatu, chini sana. Moja ya njano, moja ya kijani kibichi, moja ya mabawa mawili inayojikokota nyuma kama bibi anayekwenda sokoni.

Mama mmoja muuza ndizi akauliza kama kuna vita. Sote tulikuwa tunatabasamu kama watoto.

Nilisahau kamera. Kwa dakika nzima nilimsahau hata Gasto.

Kisha nikamkumbuka.


Jumamosi, 16 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Nimefika mapema. Baridi ya Mbozi na upepo. Watu wamejaa hadi juu ya miti ya kivuli: shule nzima nzima, kwaya, wauza mishikaki. Mimi nikaenda mwisho wa kiwanja kama baba Halinga alivyosema. Alikuwa huko, kofia ameivuta hadi nyusi, filimbi shingoni. Tulikuwa sisi wawili tu na mikaratusi.

"Kaa hapo hapo mwanangu. Kamba usiivuke."

"Siivuki baba."

Zikaruka. Ile ya kijani ilipita juu yetu tumbo likiwa wazi, nikaona mafuta yanayotiririka ubavuni kama jasho. Ile ya mabawa mawili, rubani wake kichwa nje, skafu, akatupungia. Baba Halinga akapunga naye, mkono wote, kama mtoto. Nilipiga nikizunguka, nikabonyeza, nikazunguka. Nilijua ninazipata. Mwili unajua.

Ile ya njano ilitua ya mwisho. Ilikuwa inakuja kutokea upande wa barabara, jua linamwingia rubani usoni. Kwenye lenzi nikaona kitu cha rangi ya machungwa. Gasto. Kule katikati, mbali na sisi, mbele ya hema la wageni. Aliinua kamba, akapita chini yake, akakimbia akiwa ameinama hadi ndani ya njia ya ndege. Akapiga goti. Alitaka aipate ikimjia usoni.

Sikuacha kubonyeza.

Rubani alimwona dakika ya mwisho. Ndege ikageuza pua. Gurudumu moja likaingia kwenye mtaro wa maji, ikaanguka kifudifudi, panga likavunjika vipande. Vumbi. Watu wakapiga mayowe. Ndani ya vumbi nikamwona Gasto akirudi mbio, akapita chini ya kamba, na vumbi lilipotulia alikuwa amesimama miongoni mwa wageni ameshika kichwa kama wengine.

Rubani ni mzee wa miaka labda sabini. Wamemtoa akiwa hai. Amevunjika bega. Wamemkimbiza hospitali.

Baba Halinga alikimbilia kwenye ndege na ndoo ya mchanga. Ndiyo maana hakuwa kwenye kamba yake walipokuja kukagua. Meneja alikuwa anatetemeka kwa hasira. Alitaka kujua nani kaingia njiani. Gasto akajibu haraka, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimefika karibu, nilisikia kwa masikio yangu.

"Ni mtoto. Katokea upande wa mikaratusi. Mlinzi wa kule alikuwa anapiga soga."

Baba Halinga akasema hapana bosi, kwangu hakupita mtu. Hakuna aliyemsikiliza. Wamempakia kwenye gari la polisi na ndoo yake bado mkononi.

Nilikuwa na kamera shingoni. Nilikuwa na kila kitu ndani yake. Nilifungua mdomo.

Nikaufunga.

Kwa sababu pale pale nilimsikia meneja akimwambia Gasto: Jumanne jioni, kama tulivyopanga, uonyeshe picha ukumbini. Wageni wote watakuwepo. Wanunuzi wa kahawa, wakubwa wa wilaya, marubani.

Ukumbini. Mbele ya wote. Kama alivyolia mbele ya wote.


Jumapili, 17 Agosti

Sijakwenda kanisani. Nimefunga mlango, nimeweka picha kwenye kompyuta.

Zote zipo. Anainua kamba. Anapiga goti. Ndege ikigeuza pua, panga duara zuri la moshi, uso wa rubani umekunjamana, na Gasto mbele yake, maneno ya kizibao yanasomeka. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilicheka peke yangu chumbani. Kicheko kibaya. Sijali.

Nimenakili kwenye flashi tatu. Safari hii ushahidi ninao.

Nimempigia Ayubu, mtoto wa mama mkubwa, anayekodisha spika na projekta pale Mlowo. Jumanne kazi ni yake. Nilimweleza. Akauliza kwa nini nisizipeleke polisi leo. Nikamwambia kule polisi Gasto ataitwa chumbani, ataomba msamaha, yatakwisha kimya kimya. Nataka asimame penye mwanga.

"Na mzee Halinga?"

Nikasema siku mbili tu.

Ayubu akasema sawa dada, lakini kwa sauti ya mtu asiyekubali.


Jumatatu, 18 Agosti

Mama Halinga amekuja studio. Kutoka Ihanda hadi Tunduma, na yule mama miguu inamsumbua. Amepeleka uji mahabusu asubuhi, akaja moja kwa moja kwangu. Alikaa kwenye stuli ya kupigia picha, taa zikimmulika, khanga ameifunga chini ya kidevu.

Nilimwamkia, nikampa maji. Aliyanywa taratibu. Akasema baba yenu hajalala, kifua kimembana kwa baridi ya sakafu, anasema hajui mtoto huyo katokea wapi. Anaanza kusema labda kweli alipita. Labda macho yake yamezeeka.

Halafu akaniuliza.

"Wewe ulikuwa naye pale, Tabita. Hukuona kitu?"

Flashi ilikuwa mfukoni mwangu. Niliigusa.

"Vumbi lilikuwa jingi, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Aliniamini. Akanishukuru kwa maji.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikataka kumlipia nauli, akakataa, anasema mimi mwenyewe ni yatima. Nikarudi nikakaa kwenye ile stuli. Bado ina joto.

Ni kesho tu. Nitamtoa kesho. Na Gasto nitammaliza kesho. Yote kwa pigo moja. Sirudi nyuma.


Jumanne, 19 Agosti

Imekwisha.

Nilivaa gauni la kitenge alilonishonea mama. Ayubu aliniingiza kama msaidizi wake, nimebeba nyaya. Nikakaa nyuma, karibu na meza ya chai. Akina mama wanaochagua kahawa ndio walikuwa wanagawa chai, baadhi niliwajua.

Marubani mbele. Yule mzee mkono umefungwa kifuani. Meneja alizungumza. Alisema pole nyingi. Alisema aliyezembea yuko mikononi mwa sheria. Kisha akamwita Gasto.

Gasto kavaa suti. Picha zake si mbaya, niseme kweli. Lakini mapanga yote yameganda. Ndege zote zimening'inia. Watu walipiga makofi. Alisema ya mwisho ni kumbukumbu ya huzuni, ndege ikiwa imelala kifudifudi, akainamisha kichwa. Ile namna ya kuinamisha kichwa naijua.

Nikamtazama Ayubu. Akabadilisha flashi.

Ya kwanza: kamba imeinuliwa. Ukumbi haukuelewa. Ya pili: anakimbia. Ya tatu: amepiga goti, MPIGA PICHA mgongoni. Hapo kikombe cha mtu kiligonga sahani. Ya nne, panga likizunguka. Ya tano, mtaro. Ya sita, vumbi, na yeye anarudi chini ya kamba.

"Hizi zimetengenezwa," Gasto akasema. "Siku hizi kompyuta inafanya lolote. Nani kaleta upuuzi huu?"

Nikasimama. Nilidhani sauti itagoma. Haikugoma.

"Mimi. Tabita wa pasipoti saizi. Mtoto hakuwepo. Mzee Halinga analala sakafuni kwa ajili yako."

Yule rubani mzee akainuka. Akaenda polepole hadi kwenye kitambaa cha projekta, akasimama mbele ya ile ya nne. Alitazama uso wake mwenyewe. Kisha akagusa kile kizibao kwa kidole, akageuka, akamtazama Gasto, akasema maneno machache ya Kiingereza. Meneja hakuyatafsiri. Hakukuwa na haja.

Nikasema na lingine. Nilikuwa nimejiapia kulisema.

"Na yule mama wa kwenye bango si mama yake. Ni mama yangu mimi. Picha niliipiga mimi, akaiiba mama akiwa bado mbichi kaburini."

Niliogopa kwamba tena wataniuliza ushahidi. Ndipo mmoja wa wale akina mama wa chai akaweka birika chini.

"Ni mama Tabita wa Ihanda yule," akasema. "Nimechagua naye kahawa misimu saba. Huyu kaka hatumjui kwao."

Mwingine akasema ni kweli. Mwingine akasema tulikuwa tunashangaa, lakini nani angetuuliza.

Gasto alitafuta pa kutazama, hakupata. Midomo ilimkauka. Nilimtazama sana. Nimesubiri miaka miwili kuutazama uso ule, nikautazama mpaka nikashiba. Ilikuwa tamu. Sitajidanganya humu. Ilikuwa tamu.

Lakini meneja alikuwa na swali. Aliniuliza kwa upole tu.

"Dada, hizi picha umekuwa nazo tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Yule mama wa chai aliyekuwa ananitazama kwa furaha, akaacha kunitazama. Akachukua birika lake.


Jumatano, 20 Agosti

Baba Halinga ameachiwa asubuhi. Gasto ameingia alikotoka yeye. Ayubu ndiye aliyenipigia.

Meneja naye amepiga. Bango linashushwa, likirudishwa litakuwa na jina langu nikitaka. Nikamwambia nitafikiri. Anataka pia picha zangu za ndege, zote. Marubani wawili wanaondoka kesho, wa tatu anabaki na bega lake. Ameomba ile ya nne, anataka kuitundika kwao. Anasema haijawahi kupigwa picha ndege yake ikiwa hai namna ile.

Kaka yake Gasto amekuja studio kuomba nimwombee msamaha shambani. Nikamwambia nina wateja. Sikuwa na mteja hata mmoja.

Nilidhani leo nitalala usingizi mzito. Tuone.


Jumamosi, 23 Agosti

Sikulala vizuri siku hizi tatu. Leo nimekwenda Ihanda.

Nilibeba sukari, sabuni na dawa ya kifua. Nilimkuta baba Halinga uani, amekaa kwenye gunia, anapukuchua mahindi. Lundo kubwa mbele yake. Anakohoa. Mama Halinga alitoka jikoni, akapokea mfuko, akasema karibu, akarudi jikoni. Hakukaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Hakuongeza mwanangu.

Alipukuchua hindi moja, akatupa gunzi. La pili.

"Wanasema ulikuwa nazo tangu siku ile."

"Ndiyo baba."

"Na mama yenu alipokuja Tunduma."

"Nilikuwa nazo mfukoni."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Kuhusu Gasto, kuhusu mama, kuhusu ukumbi. Sikuyasema. Yalikuwa ya kwangu, hayakuwa yake.

Nikasema tu nimekosa.

Alikohoa hadi kikohozi kikaisha, akajifuta mdomo kwa mkono. Kisha akatazama lundo, kama mtu anayepima kazi iliyobaki. Nikavua viatu, nikakaa chini upande wa pili, nikachukua hindi. Hakunikataza. Punje zake ngumu, zimekauka sana mwaka huu. Dole gumba likaanza kuuma mapema.

Tukapukuchua. Kuku walikuwa wanakuja, anawafukuza kwa mguu. Ungo wake ukajaa, akausogeza katikati, ukawa wetu sote.

Tulimaliza jua likiwa bado lipo. Mama Halinga akaita chakula kutoka ndani. Hakutaja nani na nani.

Nilinawa mikono, nikasubiri uani kuona kama na mimi nimeitwa.